Jiwe, Sababu Zake, na Aliye Wajibu Kuwepo

Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna msikiti ambao ukuta wake wa kibla una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, nayo yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jengo lenyewe lilijengwa upya baadaye, lakini maandishi yamebaki. Tuchukue jiwe moja la ukuta huo, hata lile lisilo na nakshi, tuliulizie swali ambalo wanazuoni wa Kiislamu wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka elfu moja: kwa nini lipo?

Nusu ya kwanza ya swali hili ni ya sayansi, na sayansi inaijibu vizuri. Nusu ya pili haiingii maabara, ila nayo ina kanuni zake, na anayeifuata hana ruhusa ya kuruka hatua. Nataka tuzipite zote mbili polepole. Watoto wengi wa madrasa za pwani hukariri sifa ishirini za Mwenyezi Mungu wakiwa bado wadogo: kuwepo, kutokuwa na mwanzo, kutokuwa na mwisho, kutofanana na viumbe, na kuendelea. Wachache tu huja kuambiwa ukubwani kwamba orodha ile ni mfululizo wa mahitimisho, na kwamba nyuma ya karibu kila sifa kuna hoja inayoweza kufuatwa, kupingwa na kutetewa. Huo ni upungufu mkubwa katika ufundishaji wetu, na unaweza kuzibwa na mtu yeyote aliye tayari kukaa na jiwe moja kwa muda.

Jiwe limetoka wapi

Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana wa baharini wenye miili laini. Huchukua kalsiamu na kaboneti kutoka kwenye maji na kujijengea makazi magumu ya chokaa. Kizazi kimoja hufa, kingine hujenga juu yake, na mwamba hukua. Mafundi wa pwani walipotaka jiwe la kuchonga walilikata likiwa bichi ndani ya maji, kwa sababu hukatika kirahisi kabla halijakauka na kuwa gumu. Kalsiamu iliyomo ililetwa baharini na mito, baada ya mvua kuiyeyusha kutoka kwenye miamba ya nchi kavu. Miamba hiyo ni sehemu ya dunia iliyojikusanya kutoka kwenye gesi na vumbi kama miaka bilioni 4.5 iliyopita. Vumbi lile lilikuwa na kalsiamu na kaboni kwa sababu nyota zilizotangulia Jua letu zilizitengeneza ndani yake na kuzitawanya zilipokufa, nyingine kwa milipuko mikubwa. Nazo nyota zilianza na haidrojeni na heli, ambazo viini vyake vilitokea katika dakika chache za mwanzo za historia ya ulimwengu tunaouona, miaka bilioni 13.8 iliyopita.

Tumerudi nyuma mbali sana, na katika safari nzima hatukukutana na kitu kinachojieleza chenyewe. Jiwe linaelezwa na mnyama, mnyama anaelezwa na bahari, bahari na miamba vinaelezwa na wingu, wingu linaelezwa na nyota. Kila kimoja kingeweza kutokuwepo. Akili haigongani na kitu ikiwaza bahari isiyo na mwamba huu, au anga isiyo na nyota ile iliyotupa kalsiamu yake.

Muhammad bin Yusuf as-Sanusi, mwanazuoni wa Tlemcen katika Algeria ya leo aliyefariki mwaka 1490, alikifungua kitabu chake kidogo cha Ummul Barahin kwa kuzigawa hukumu za akili mafungu matatu. Wajibu ni kile ambacho akili haikubali kutokuwepo kwake. Mustahili ni kile ambacho akili haikubali kuwepo kwake. Jaizi ni kile ambacho akili inakubali yote mawili. Wajibu huu si ule wa fiqhi unaomhusu mtu na swala yake. Hapa tunazungumzia vitu jinsi vilivyo. Kwamba kila chenye mwili kinachukua nafasi ni wajibu. Kwamba jiwe litulie na lisogee kwa wakati mmoja na kwa namna moja ni mustahili. Kwamba jiwe hili la Kizimkazi lipo ni jaizi.

Ukilishika neno jaizi sawasawa, nusu ya somo umeipata. Kwa kitu jaizi, kuwepo na kutokuwepo ni kama sahani mbili za mizani zilizolingana: moja ikishuka, kuna kilichoishusha. Na kilichoishusha hakiwezi kuwa kitu chenyewe, maana kingelazimika kuwepo kabla hakijakuwepo, na hilo ni la fungu la mustahili. Qur'ani, katika Suratut-Tur, inawakabili wanaokanusha kwa njia mbili tu zinazombakia mtu asiyekubali Muumba: kutokea pasipo kitu, au kujiumba. Jubayr bin Mut'im, kabla hajasilimu, alifika Madina kwa ajili ya mateka wa Badr akamsikia Mtume (S.A.W.) akiisoma sura hiyo katika swala ya Magharibi. Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba baadaye alisimulia jinsi moyo wake ulivyokaribia kuruka alipoyasikia maswali yale. Mtu aliyekuja na habari za vita na fidia alikutana na hoja asiyoweza kuikwepa.

Njia ya kwanza: ulimwengu una mwanzo

Kutoka hapo wanazuoni waligawanyika njia. Wengi wa watu wa ilmul-kalam, elimu ya kujenga itikadi kwa hoja, walishika njia ya mwanzo: ulimwengu ulianza, na kila kilichoanza kina aliyekianzisha. Sehemu ya pili ya hoja tumeshaiona kwenye mizani. Mzigo uko kwenye sehemu ya kwanza, kwa sababu Aristotle na wafuasi wake walisema mbingu zimekuwa zikizunguka daima.

Al-Kindi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alijaribu kuonyesha kwamba kisicho na kikomo hakiwezi kuwepo kwa kweli. Chukua mwili usio na kikomo, alisema kwa maana, uondoe kipande chenye kikomo. Kilichobaki kama kina kikomo, basi ukikirudisha kipande unapata jumla yenye kikomo, na ulianza na isiyo nacho. Kama hakina kikomo, basi kimoja kimekuwa kikubwa kuliko kingine ilhali vyote havina kikomo, na kwake huo ni mgongano. Al-Ghazali aliichukua fikra hiyo hadi mbinguni katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095. Kwa hesabu za wanajimu wa wakati wake, Jua huzunguka mara moja kwa mwaka, Mshtarii huchukua miaka 12 na Zohali miaka 30. Kama vimezunguka tangu milele, basi mizunguko ya Zohali haina mwisho na ya Jua haina mwisho, ilhali ya Jua ni mara 30 ya ile ya Zohali. Kisha akauliza: idadi ya mizunguko hiyo ni shufwa au witiri? Mpinzani akijibu moja, kuongeza mzunguko mmoja kunaigeuza kuwa nyingine; lakini kitu kisicho na mwisho kinapungukiwaje na mmoja?

Ni hoja nzuri, na kwa karne nyingi ilionekana imefunga mlango. Uaminifu wa kielimu unatutaka tuseme haikuufunga. Thabit bin Qurra, mwanahisabati wa Harran aliyefariki mwaka 901, zamani sana kabla ya Ghazali, alikuwa ameshakubali kwamba namba shufwa hazina mwisho, witiri hazina mwisho, na kila kundi ni nusu ya namba zote. Katika karne ya 19 Georg Cantor aliliweka jambo hilo kwenye msingi imara. Oanisha 1 na 2, 2 na 4, 3 na 6, na kuendelea: kila namba inampata mwenzake katika shufwa, na hakuna inayobaki. Kwa seti isiyo na kikomo, sehemu kulingana na jumla ni tabia yake ya kawaida na haina mgongano ndani yake. Nalo swali la shufwa au witiri linahusu hesabu zinazoisha peke yake.

Watetezi wa ilmul-kalam wana jibu, na si dogo. Namba ziko akilini, wanasema, lakini siku zilizopita zilitokea kweli; kama siku zisizo na mwisho zilipaswa kupita kabla ya leo, leo ingefikaje? Mpinzani naye anajibu kwamba ukichagua siku yoyote iliyopita, umbali wake na leo una kikomo, hivyo hakuna aliyetakiwa kuvuka kisichovukika. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, aliongeza kwamba mizunguko iliyopita haipo sasa kama jumla moja hata iulizwe ni mingapi. Mjadala huu ungali hai. Mimi nauheshimu, lakini singemwambia kijana wa sekondari kwamba hesabu peke yake imethibitisha mwanzo wa wakati.

Hapa ndipo wahadhiri wengi wa leo hukimbilia Mlipuko Mkuu. Georges Lemaître, padri na mwanafizikia wa Ubelgiji, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unaotanuka unatokana na milinganyo ya Einstein. Mwaka 1929 Edwin Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotuacha kwa kasi zaidi. Mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walipendekeza kinyume chake, ulimwengu usio na mwanzo unaobaki na sura ileile siku zote, na kwa miaka kadhaa mashindano yalikuwa makali. Kisha mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza mawimbi hafifu ya redio yanayokuja kutoka kila upande wa anga, mabaki ya joto la zamani ambayo leo yamepoa hadi kelvini 2.7 hivi. Ulimwengu wa zamani ulikuwa wa moto na uliosongamana. Kwa hilo ushahidi ni mkubwa sana.

Lakini ushahidi huo unasema nini hasa? Unasema kwamba miaka bilioni 13.8 iliyopita vitu vyote tunavyoviona vilikuwa katika hali ya joto na msongamano mkubwa mno. Ukizidi kurudi nyuma, unafika mahali ambapo milinganyo ya Einstein yenyewe inaacha kutoa majibu yenye maana. Kama pale ndipo mwanzo wa kila kitu, au ni mlango wa hali nyingine iliyotangulia, fizikia haijathibitisha. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba akiihusisha elimu mpya ya ulimwengu na uumbaji. Lemaître, padri mwenyewe, hakufurahishwa, kwa kuwa alishikilia kwamba nadharia yake iko nje ya swali la dini, na kwamba mwenye kumwamini Mungu na asiyemwamini wote wana nafasi ya kuipima sawasawa.

Ghazali alikuwa na tahadhari ya namna hiyo karibu miaka 850 kabla yake. Katika utangulizi wa Tahafut alizungumzia watu wanaopinga hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi wakidhani wanaitetea dini. Alisema kwamba hesabu zile zina uthibitisho, na kwamba anayezipinga kwa jina la dini anaidhuru dini kuliko adui yake. Kuing'ang'ania nadharia kwa sababu imetupendeza kuna hatari ileile. Nadharia ya fizikia inaweza kurekebishwa mwakani, na aliyeitundika imani yake hapo atababaika bila sababu.

Njia ya pili: hata kama haukuanza

Sasa tuje kwa Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037. Yeye aliliacha kabisa swali la lini. Aliamini kwamba ulimwengu hauna mwanzo wa wakati, jambo ambalo Ghazali alimhukumu kwalo hukumu kali. Hata hivyo hoja yake ya kuwepo kwa Mungu ndiyo, kwa maoni yangu, iliyo imara kuliko zote zilizoandikwa na Waislamu, na ndiyo iliyoingia baadaye katika vitabu vya wapinzani wake wenyewe.

Alianza kwa kutenganisha aina mbili za sababu. Mjenzi ni sababu ya nyumba, lakini mjenzi akifa nyumba haianguki. Kwa hiyo alichosababisha kwa hakika ni kusogea na kukutana kwa vifaa. Kinachoifanya nyumba isimame sasa ni kingine, nacho kipo sasa hivi pamoja nayo. Mfano wake mwingine ni mkono unaozungusha ufunguo: mkono ndio sababu na ufunguo ndio unaofuata, lakini vyote viwili vinasogea kwa wakati mmoja. Sababu halisi ya kuwepo kwa kitu, kwa Ibn Sina, ni ile inayokishikilia wakati kipo.

Turudi kwenye ukuta kwa jicho hilo. Safari yetu ya kwanza ilikwenda nyuma katika wakati, na wengi wa wale tuliowapita wamekwisha: mnyama amekufa, nyota imetawanyika. Safari ya pili inakwenda chini, na haichukui muda wowote. Jiwe ni gumu sasa kwa sababu atomu za kalsiamu, kaboni na oksijeni zimeshikana kwa nguvu za umeme. Atomu zina umbo lake kwa sababu elektroni zinakaa kuzunguka viini kwa kanuni maalumu. Viini vinashikana kwa sababu ya chembe zilizo ndogo zaidi na nguvu zilizopo baina yake. Chembe hizo zinaelezwa na nyuga ambazo fizikia ya leo inaziandika kwa milinganyo. Kila tabaka limesimama wakati huu kwa sababu lililo chini yake limesimama wakati huu. Na tabaka la chini kabisa tulilolifikia, je, ni wajibu? Akili inawaza bila mgongano milinganyo mingine, au kusiwepo kitu chochote kinachofuata milinganyo. Mlinganyo ulioandikwa ubaoni hauumbi kitu. Tabaka lile nalo ni jaizi.

Hapa Ibn Sina anachukua hatua inayobeba hoja nzima. Vikusanye pamoja vitu vyote jaizi, vilivyopita na vilivyopo, viwe vina idadi au havina, viwe vilianza au havikuanza. Mkusanyiko huo, kwa jumla yake, ni wajibu au ni jaizi? Hauwezi kuwa wajibu, kwa kuwa umetokana na wanachama wake, na kila mwanachama angeweza kutokuwepo. Basi ni jaizi, na unahitaji sababu. Sababu hiyo iko ndani ya mkusanyiko au nje yake. Ikiwa ndani, basi mmoja wa wanachama ni sababu ya wote, naye akiwemo, na tumeshaona kwamba kujisababisha ni mustahili. Ikiwa nje, basi ni kitu ambacho si jaizi. Mustahili hakipo kabisa. Kimebaki kimoja: aliye wajibu kuwepo, ambaye kuwepo kwake hakutoki kwa mwingine.

Hapa hakuna neno lolote kuhusu mwanzo. Cantor anaweza kuwa sahihi, Hoyle angeweza kuwa sahihi, na hoja isingetikisika. Mkusanyiko usio na kikomo wa vitu jaizi bado ni jaizi, wingi hauugeuzi.

Wapo waliopinga, na wanastahili kusikilizwa. David Hume, katika kitabu kilichotoka mwaka 1779 baada ya kifo chake, alisema kwamba ukishaeleza kila mwanachama wa kundi, kundi umeshalieleza, hakuna kilichobaki. Bertrand Russell, katika mjadala wa redio wa BBC na Frederick Copleston mwaka 1948, alitoa mfano: kila mtu ana mama, lakini haifuati kwamba jamii ya wanadamu kwa jumla ina mama. Mfano wa Russell ni sahihi kwa mama. Kuna sifa ambazo sehemu zinazo na jumla haina. Lakini kutegemea si sifa ya namna hiyo. Kitu kilichofanywa kwa sehemu hakiwezi kuwepo pasipo sehemu zake; zikiweza kukosekana zote, nacho kinaweza kukosekana. Na kwa Hume: umeeleza kila mwanachama kwa mwanachama mwingine, sawa, lakini kwa nini kuna wanachama badala ya kutokuwepo yeyote? Swali hilo halijaguswa.

Njia moja iko wazi kwa mpinzani, nayo ni kusema kwamba ulimwengu upo tu, bila sababu, basi. Russell aliichukua waziwazi. Ninachomwomba mwenye kuichukua aangalie gharama yake. Tulipolifuata jiwe hadi kwenye nyota, kila hatua ilitegemea kukataa jibu la "lipo tu". Kama jibu hilo linafaa mwishoni, lingefaa kwa mnyama wa baharini pia, na hakuna mwanabiolojia ambaye angeliridhia. Anayeikubali kanuni katika kila hatua isipokuwa ya mwisho ana deni la kueleza kwa nini ameiacha pale.

Kutoka kuwepo hadi umoja

Mpaka sasa tumepata kwamba kuna aliye wajibu kuwepo. Hatujasema ni mmoja, wala hatujasema ni Mungu ambaye Waislamu wanamwabudu. Tuendelee.

Tuseme wako wawili. Wote wanashirikiana katika kuwa wajibu, na lazima kuna kitu kinachowatofautisha, la sivyo si wawili. Basi kila mmoja ana sehemu anayoshirikiana na mwenzake na sehemu inayomtenga naye. Lakini kilichounganishwa kwa sehemu kinazihitaji sehemu hizo ili kiwepo, na kila sehemu si ile jumla. Kinachohitaji kingine si wajibu kwa dhati yake. Kwa hiyo hawawezi kuwa wawili, na huyo mmoja hana sehemu. Mwili wowote unagawanyika, walau kwa kufikirika. Basi yeye si mwili. Mahali na upande ni vya miili; basi hayuko mahali kama jiwe lilivyo ukutani. Kubadilika ni kutoka hali moja kwenda nyingine iliyokuwa haijapatikana, na hiyo ni alama ya jaizi. Basi hapitiwi na wakati.

Ukiirudia Suratul Ikhlas baada ya hatua hizi, aya zake nne zinasikika kwa namna nyingine. Kuna umoja; kuna kutegemewa na kila kitu bila kutegemea chochote; kuna kutozaa na kutozaliwa, yaani kutokuwa kiungo katika mnyororo wa wanaotokana; na kuna kutokuwa na wa kufanana naye. Ndiyo maana Sanusi, baada ya sifa ya kwanza ya kuwepo, anaweka tano zinazofanya kazi ya kukanusha tu: hana mwanzo, hana mwisho, hafanani na viumbe, anajitosheleza, hana wa pili. Zinatuambia asivyo, na kila moja ni tokeo la neno wajibu.

Wajuzi wa itikadi walitofautiana hapahapa, na tofauti yao inaeleweka vizuri zaidi ukiwa umefuata hoja. Ibadhi, ambao ni wengi Oman na walioacha misikiti yao Zanzibar, wanasema sifa za Mungu kama elimu na uwezo ni dhati yake yenyewe, kwa kuchelea kuingiza sehemu katika asiye na sehemu. Ash'ari, ambao ndio mkondo wa vitabu vingi vya Kishafii vya pwani yetu, wanasema elimu na uwezo ni sifa za kweli zilizosimama kwa dhati, na kwamba sifa si sehemu. Kila upande unalinda jambo lilelile. Ibn Taymiyya wa Damascus, aliyefariki mwaka 1328, aliikosoa njia yote: kwake maneno kama "sehemu" na "muungano" wanafalsafa waliyabebesha maana wanayoitaka, na kumjua Muumba kumo katika maumbile ya mwanadamu kabla ya hoja yoyote. Siafiki kwamba hoja haihitajiki, ila onyo lake kuhusu maneno yaliyobebeshwa ni la kweli, na kila mwalimu wa tauhidi angelifanyia kazi.

Tende mbili

Ghazali hakutosheka na aliye wajibu kuwepo wa Ibn Sina. Kwa Ibn Sina ulimwengu unamtoka Mungu bila budi, kwa sababu yeye ndivyo alivyo. Ghazali aliona hatari: kama kila kitu kinatoka kwake bila budi, jiwe lisingeweza kutokuwepo, na tukianguka hapo tumekibomoa kile tulichoanzia. Ibn Sina ana jibu, kwamba jiwe ni jaizi kwa dhati yake na limekuwa wajibu kwa ajili ya mwingine. Ghazali aliona hilo halitoshi. Panatakiwa mwenye kuchagua.

Mfano wake ni mtu mwenye njaa aliyewekewa tende mbili zilizolingana kwa kila hali, umbali, ukubwa, uzuri, naye haruhusiwi kuchukua zote. Je, atakaa afe? Atachukua moja. Irada, anasema Ghazali, ni sifa ambayo kazi yake ni kupambanua kitu na mfano wake. Akauliza pia kwa nini mbingu zizunguke kutoka mashariki kwenda magharibi na siyo kinyume, ilhali pande zote mbili zinafaa sawa. Unajimu ule umepitwa na wakati. Swali lake limehamia kwingine. Wanafizikia hupima namba inayotawala nguvu ya umeme baina ya chembe, ambayo ni karibu 1 kwa 137, na hakuna nadharia iliyokubalika inayoonyesha kwa nini ni hiyo na si nyingine. Huenda siku moja itapatikana kanuni ya ndani zaidi, au ionekane kwamba kuna maeneo mengi ya ulimwengu yenye namba tofauti. Ikiwa hivyo, kanuni hiyo au utaratibu huo nao utakuwa jaizi, na swali la nani aliyeupambanua litakuwa limesogea hatua moja.

Sanusi anazifunga hatua hizi kwa ufupi wa ajabu. Aliyechagua ana irada. Anayechagua anakijua anachokichagua, basi ana elimu. Aliyekileta ana uwezo. Na mwenye uwezo, irada na elimu hawezi kuwa si hai. Sifa nne zimetoka kwenye kuwepo kwa jiwe. Akifika kwenye kusikia, kuona na kusema, anabadilisha aina ya dalili na kusema waziwazi kwamba msingi wake ni Qur'ani, Sunna na ijmai. Mwanafunzi aonyeshwe mahali hapo, sifa ya kumi na moja katika orodha, ajue kwamba kuanzia hapo anayemfundisha ni Mtume, na kwamba kama Mungu anaisikia dua yake, ni kwa sababu ameambiwa hivyo na aliyetumwa kumwambia.